Nani Hayuko Leo?

Kila Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza kuwapanga watoto mstari, Bwana Afya alikuwa amekwisha kuegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa shule na kuingia darasani bila hodi. Hakunisalimu. Alivua kofia yake ya kaki, akawatazama watoto wakigombania madawati, akangoja watulie, kisha akauliza, "Nani hayuko leo?" Watoto walilipenda swali hilo kuliko somo lolote nililowahi kuwafundisha. Walitaja majina kwa pamoja, na sababu juu yake: fulani anahara, fulani amepelekwa kwa nyanya yake, fulani hana nguo kwa sababu ile moja imefuliwa. Alipoyapata yote ndipo aliponigeukia na kusema, "Habari za wiki, Mwalimu?"

Mwanzoni jambo hilo liliniudhi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuoni juzi, na shule yote ilikuwa mimi na chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa. Niliona kwamba mtu anayeingia katika chumba hicho hana budi kuanza na mimi. Nikamwambia hivyo waziwazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe uko, Mwalimu. Mimi nimekuja kwa wale hawako."

Alizaliwa wapi, na watu wake walikuwa nani, sikujua na sikuuliza. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na swali la ukoo halikuwa tena la mazungumzo ya watu wanaokunywa chai. Lilikuwa swali la askari. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Bwana Afya kwa wote, kuanzia nyapara hadi wachumaji wa maua ya pareto. Akina mama waliotaka dawa walimpandisha cheo wakamwita Daktari, naye aliwakatalia palepale. "Daktari yuko Nakuru, anakalia kiti," alisema. "Mimi niko na baiskeli."

Kazi yake hasa haikuwa kutibu, ingawa alikuwa na mkoba wa bandeji, dawa ya macho, na vidonge vya kwinini ambavyo alivigawa kwa mkono mgumu sana. Kazi yake ilikuwa kujua. Jumatatu alikuwa kambi za mashamba ya chini, upande wa Rongai. Jumanne alipanda lori la magogo hadi kiwanda cha mbao karibu na Elburgon, baiskeli ikiwa imefungwa juu kwa kamba. Jumatano alishuka hadi nyumba za wafanyakazi wa reli pale Njoro, na Alhamisi alifika kwetu, shamba lenye ngano chini na pareto juu, mahali ambapo asubuhi hata mwezi wa kwanza unaona pumzi yako. Ijumaa aliingia Nakuru kuandika karatasi moja: ugonjwa gani ameuona, wapi, kwa watu wangapi. Watu wengine wa aina yake walifanya vivyo hivyo Molo, Londiani, Gilgil na Naivasha, na karatasi zao zote zilikutana katika ofisi moja yenye sakafu ya mbao.

Niliwahi kumfuata huko siku moja nilipokwenda mjini kununua chaki. Ukutani kulikuwa na ramani ya Bonde la Ufa kuanzia Naivasha hadi Londiani, nayo imechomwa pini zenye vichwa vya rangi. Nyekundu ilikuwa surua, nyeupe kifaduro, nyeusi tauni. Pini za ndui zilikuwa zimewekwa kando ndani ya bahasha, na aliniambia kwamba angependa zizeekee humo. Alinionyesha jinsi surua ilivyokuwa imetoka Londiani mwezi uliopita ikiteremka na reli, kituo kwa kituo, kama abiria aliyekata tiketi. "Itafika kwako kabla mwezi haujafa," alisema. "Waambie akina mama watoto wachanga wasibebwe sokoni." Ikafika, na nusu ya darasa langu ikalala, lakini mwaka ule hatukuzika mtoto mchanga hata mmoja. Tangu siku hiyo nikaacha kugombania salamu.

Alikuwa na kalenda yake kichwani, na haikuwa na Krismasi wala Pasaka. Mwaka wake ulianza na vumbi. Ziwa la Nakuru lilipopungua na upepo ukaanza kuinua magadi meupe na kuyamwaga mjini, alianza kuuliza habari za shingo: kuna mtoto ambaye shingo yake imekuwa ngumu? Hiyo ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mvua kubwa zilipokuja aliutazama upande wa Rongai na Solai, kwenye joto na mbu. Mwezi wa saba ulikuwa wa vifua, kwetu huku juu na Molo. Mahindi yalipovunwa na kujazwa maghalani, aligeuka kuwa mtu wa panya.

Habari ya panya ilimfanya achekwe sana. Alitaka kuambiwa kila panya aliyeonekana amekufa pasipo kuuawa na mtu, kwa sababu tauni huanza na wao. "Panya akiuawa na paka, hiyo ni shauri ya paka," alisema. "Lakini kama amekufa mwenyewe hapo katikati ya njia, mimi nataka kujua." Watoto wangu wakadhani ni mchezo. Wiki moja walimletea mikia saba imefungwa kwa uzi, na mmoja wao akiwa na uhakika kwamba mikia ina zawadi. Bwana Afya aliikagua mmoja mmoja akiwa ameshika kijiti, akautenga mmoja. "Hii ni fuko," akasema. Akamtazama yule mtoto kwa muda mrefu, bila hasira, mpaka mtoto akakubali mwenyewe. Hakutoa zawadi, lakini aliandika: panya sita, wote wamepigwa, hakuna aliyekufa mwenyewe.

Neno ambalo hakulipenda lilikuwa homa. Mtu akimwambia mgonjwa ana homa tu, uso wake ulikunjamana. "Homa ipi? Ukisema homa ni kama unaniambia umekutana na mtu fulani kutoka Nakuru. Nakuru iko na watu wengi." Kisha maswali yakaanza: inaanza asubuhi au jioni, anatetemeka, anatapika, macho yako namna gani. Akina mama walichoka naye. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba ni afadhali kuugua kuliko kuulizwa na Bwana Afya.

Nisije nikamfanya malaika. Mtu yule aliyechanja maelfu ya watu alikuwa mwoga wa sindano kupita kiasi. Ilipofika zamu yake mwenyewe kuchanjwa upya, alikaa kwenye benchi langu jasho likimtoka, akamwambia mwenzake aliyemchanja aimbe wimbo wowote ili asisikie. Alihubiri maji ya kuchemsha kila kambi, na mimi nilimwona kwa macho yangu akilala kifudifudi kunywa kwenye kijito kama ndama. Alipenda pia kuteta. Alijua nani amegombana na mkewe kuanzia Rongai hadi Elburgon, na alinisimulia yote huku akisema kwamba hapendi maneno ya watu.

Tena aliweza kudanganya. Mwaka wa kifaduro, watoto wa kambi walikohoa mpaka wakatapika, wakabaki mbavu tupu. Alikwenda kwa mwenye shamba kuomba maziwa yaliyoondolewa siagi, yale waliyokuwa wakipewa nguruwe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nimekuja kuomba madirisha. Mzungu alimkatiza. "Wewe nataka kusimamisha kazi yangu kwa sababu ya kikohozi?"

"Hapana simamisha, bwana. Ni ndama nafikiria."

"Ndama gani?"

"Hawa watoto ndio wanachunga ndama. Kikohozi kama hiki kikipata mtoto hana nguvu, kinaweza kuruka."

Kwa kadiri nijuavyo, kifaduro hakijapata kumrukia ndama yeyote duniani. Lakini yule mzungu aliwapenda ndama wake kwa dhati, na kwa miezi miwili kila mtoto wa kambi alipata kikombe cha maziwa. Njiani nikamtania Bwana Afya kwamba sasa tumejua tabia yake. Hakucheka. "Ile uongo nimesema kwa mdomo, Mwalimu. Kwa kalamu sijawahi," alisema. "Mdomo unadanganya mtu mmoja. Ile karatasi ya Ijumaa inasomwa na watu hawajui sisi, halafu wanatuma dawa hapa ama wanatuma kwingine."

Nilimkubalia. Nakumbuka hata nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo analolijua siku nyingi. Haikupita mwaka mzima kabla sijafanya nilichokifanya.

Kulikuwa na msichana katika darasa la pili, nitamwita Njeri. Jumatatu moja, wiki ya kwanza ya kuchuma pareto, hakuja. Saa za mchana mama yake akaja nyuma ya shule, kikapu cha pareto kikiwa bado mgongoni, akaniita kwa mkono.

"Mwalimu, usiandike Njeri hayuko. Andika iko."

"Kwa nini, mama?"

"Ni homa tu. Lakini ukiandika hayuko, Alhamisi Bwana Afya atakuja kwa nyumba."

Nikamwambia ni vyema aje. Akatazama kila upande, kisha akaniambia. Ndani ya nyumba yake alikuwepo shangazi yake Njeri, aliyetoroka katika kijiji ambamo serikali iliwafungia watu na kupanda huku juu bila pasi ya ruhusa. Bwana Afya alipoingia nyumba aliandika kila aliyelala humo. Hiyo ilikuwa kanuni, maana ugonjwa huhesabiwa pamoja na watu waliokuwa nao. Orodha hiyo nyapara aliiona. Nyapara akishaona, shangazi angechukuliwa, na baba yake Njeri pia kwa kumficha, na mama na watoto wangetolewa kambini siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshaona familia tatu zikipakiwa kwenye lori namna hiyo, na kuku wao wakibaki wakizungukazunguka mlangoni.

Katika rejista yangu aliyekuwepo alipata kistari, asiyekuwepo akapata sufuri. Nilimwandikia Njeri kistari. Jumanne nikamwandikia kingine. Jumatano jioni nikakumbuka kwamba rejista haitoshi, kwa sababu Bwana Afya huanza na watoto. Basi Alhamisi asubuhi, kabla baiskeli haijafika, niliwaambia watoto arobaini kwamba leo wakiulizwa nani hayuko, wataje wengine wote lakini wasimtaje Njeri. Sikuwapa sababu. Nikamhamisha mtoto mwingine akalie nafasi yake.

Alikuja, akavua kofia, akauliza swali lake. Watoto walitaja majina mawili, wakanyamaza wakinitazama mimi. Aliniambia mara nyingi kwamba watu wazima wanaficha lakini watoto wa darasa hawajui kuficha, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kuhesabu vichwa. Alipitia rejista kwa kidole, akaridhika. "Wiki nzuri," akasema. Akatoa karanga mfukoni akanigawia.

Sikuingia katika nyumba ile. Hilo ndilo ninalojilaumu kuliko kistari. Ningeingia, ningeona vipele usoni na viganjani, na hata mimi ningejua hiyo si homa tu. Njeri alikufa Jumanne iliyofuata, akazikwa kando ya miti ya miwati, na mama yake akamwambia kila mtu kwamba ni kifua, kilimshika Jumamosi. Bwana Afya alipofika Alhamisi aliuliza, akaambiwa hivyohivyo, akatazama rejista yangu na kuona vistari hadi Ijumaa. Akaandika kifua. Shangazi alikuwa ameshaondoka siku ya mazishi. Alilala njiani kwa mtu wa reli pale Njoro, kisha akapanda kwa binamu yake kwenye kiwanda cha mbao. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Baada ya wiki mbili ndui ikajitokeza. Jumanne Bwana Afya aliikuta kiwandani, Jumatano akaikuta kwenye nyumba za reli, Alhamisi akaikuta kwetu, kwa watoto watatu waliokaa jirani na kina Njeri. Kambi ikafungwa kwa kamba. Yeye na wenzake wawili walichanja watu siku tano mfululizo, kuanzia alfajiri, wakila viazi wakiwa wamesimama. Hakuteta habari za mtu hata mara moja siku zile. Wale watatu wa kwetu walipona, wakabaki na nyuso zenye mashimo. Kiwandani walikufa watu wazima wawili na mtoto mmoja.

Wakati huo ndipo mama yake Njeri aliponiambia juu ya vipele, na juu ya njia aliyoipitia shangazi. Nikajua kwamba ugonjwa ule ulianzia kwetu, na kwamba ungesimama kwetu kama ningeandika sufuri moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Baba yake Njeri alikuwa bado kazini, watoto wake wengine walikuwa bado darasani kwangu, na mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, sitaki kusema uongo juu ya hilo. Nikakaa kimya.

Siku ya mwisho ya chanjo alikuja shuleni akaomba rejista. Akarudisha kurasa nyuma, wiki kwa wiki, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa Njeri. Kilikaa pale muda mrefu. Kisha akaifunga taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Asante, Mwalimu," akasema. Akatoka nje, akavua koti lake la kazi, akalimwagia mafuta ya taa na kulichoma pale uwanjani. Nilidhani ni sheria ya ndui. Hakurudi tena. Tuliletewa Bwana Afya mwingine, kijana mwenye pikipiki, aliyesimama mlangoni mwa kambi na kuuliza kama kuna mgonjwa, wakamjibu hakuna.

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba alijua. Niliamini aliviona vistari vyangu, akaelewa vilivyoandikwa kwa sababu gani, akachagua kutuficha: mimi, na mama yule, na watoto wake. Imani hiyo ilinisaidia kuishi. Nilipokuwa mwalimu mkuu mjini niliwasimulia walimu wangu vijana habari za mtu mmoja aliyenisamehe bila kunitajia kosa. Niliisimulia vizuri, wengine walitokwa na machozi.

Kisha nikasikia kwamba bado yu hai, ana shamba dogo upande wa Bahati. Nikapanda gari Jumamosi moja, nimebeba sukari na majani ya chai, kwenda kumshukuru.

Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wembamba, mifupa ilikuwa ileile. Alinitambua kabla sijafika kwenye lango. Hakunipa mkono, alinionyesha kiti cha nje, akaenda kutafuta kingine. Mkewe alileta maziwa lala na vikombe, mtoto mchanga akiwa amefungwa mgongoni.

"Mjukuu?" nikauliza.

"Wa saba. Usishangae mzee akikaa mbali. Hata hawa wa kwake hajawahi kuwashika. Anasimama mlangoni, anawaangalia, anaondoka. Hata nyumba ya mwanawe haingii." Alisema hayo kama mtu anayesema kwamba mumewe hali nyama. "Iko hivyo tangu aache kazi ya baiskeli. Alienda akaomba wamuweke stoo ya dawa, akakaa huko mpaka akastaafu."

Mzee akarudi na kiti, akakiweka hatua tano kutoka changu. Mkewe akaingia jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu mjini, nikayatoa yote: kwamba nimekuja kumshukuru kwa siku ile aliyofunga rejista, kwamba aliokoa nyumba nzima, kwamba sijasahau.

Alinisikiliza kwa makini kama zamani. Nilipomaliza akauliza, "Siku gani hiyo, Mwalimu? Mimi nilifanya nini?"

"Uliona nimemwandikia Njeri yuko. Ukanyamaza."

"Njeri yule wa kifua?"

Nikamwambia hakikuwa kifua. Nikamwambia juu ya shangazi, juu ya mama na kikapu chake, juu ya watoto arobaini niliowafunza kunyamaza. Nilitaka niseme upesi nimalize, lakini alinyanyua mkono.

"Ngoja. Alianza lini?"

"Jumatatu. Wiki ya kwanza ya pareto."

"Jumatatu yenyewe? Si Jumamosi?"

"Jumatatu. Nilimwandikia vistari wiki nzima."

Akainamisha kichwa. Vidole vyake vikaanza kusogea juu ya goti, siku kwa siku, na niliona anapiga hesabu aliyokwisha kuipiga mara nyingi sana. Kisha akaniambia. Ijumaa ya wiki ile, alipopeleka karatasi yake Nakuru, aliitwa stesheni kumtazama msafiri mmoja mwenye vipele. Alimshika, akamfunika kwa koti lake mwenyewe, akampeleka kutengwa. Jumatatu akavaa koti lile akaanza safari yake. Na ndui ilipotokea, ilitokea Jumanne kiwandani, Jumatano kwa watu wa reli, Alhamisi kwetu, kwa mpango wa safari yake mwenyewe. Alitafuta kila mahali mgonjwa aliyetangulia. Alikuja kwangu kutafuta katika rejista. Rejista ikamwambia hakuna.

"Nilijua ni mimi," alisema. "Nilibeba kwa koti. Wale watu watatu wa kiwanda, nilijua ni mimi."

"Hukuwa wewe. Ni shangazi yake aliyepitia reli hadi kiwandani. Njeri alikuwa na siku tano kitandani wakati unamshika yule msafiri."

Nikaanza kumwomba msamaha, kwa Kiswahili chote nilicho nacho, na sidhani kama alinisikia. Nilikuwa nimejitayarisha pia kumsikia akinilaani, na ningelipokea hilo. Hakunilaani. Alisimama, akashika nguzo ya nyumba, akamwita mkewe kwa sauti iliyonitisha.

"Mama Ruth. Acha hiyo kazi, kuja hapa."

Mama akatoka akifuta mikono, mtoto bado mgongoni.

"Mwalimu," mzee akasema, "mwambie. Ile umeniambia mimi."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kulikuwa na mtoto aliyeugua ndui kabla, na mimi nilimficha, na mumewe hakuleta ugonjwa wowote kwa mtu yeyote. Nilimpisha, Mama akakaa chini polepole kwenye kiti changu.

"Taja siku," mzee akasema. "Hujataja siku."

"Tangu Jumatatu," nikasema.

"Mwambie tena."

Nikamwambia tena. Kisha akatuma mtu shambani kumwita mwanawe, akaniomba nisiondoke mpaka afike, ili nimwambie na yeye.